Mguu wa Kipa wa Livorno

Pisa, 12 Novemba 1959

Bwana Oberdan Mannari,

Hunijui ila kwa jezi. Mimi ni Ranieri Lazzeri, namba tisa wa Pisa, yule aliyekurukia Jumapili pale langoni kwenu dakika ya sabini na moja. Barua hii nimeianza mara nne. Mara zote nilianza kwa kukuuliza hali, nikaona haya, maana hali yako niliisikia kwa masikio yangu. Mlio ule wa mfupa ulifika hadi jukwaani. Mama anaapa hata yeye aliusikia, na yeye alikuwa nyumbani Pisa akimenya viazi.

Jumatatu nilipanda treni nikaja Livorno kukuona. Langoni mwa hospitali walikaa makuli wenzako sita wa bandarini. Mmoja akaniuliza, "Wewe nani?" Nikasema mimi binamu wa mgonjwa. Akasema, "Binamu gani anaongea Kipisa?" Nilifika stesheni bila kofia. Baadaye nikasikia wamekuhamishia Bologna kwa madaktari wa mifupa, ndiyo maana naandika.

Krosi ilitoka kushoto. Niliuona mpira tu. Wewe sikukuona kabisa, Mungu shahidi yangu. Sikuombi unisamehe, maana mguu wa mtu si kikombe kwamba utasema pole na yaishe. Naomba tu ujue sikukusudia.

Ranieri Lazzeri


Bologna, 27 Novemba 1959

Mpisa,

Barua yako imefika. Muuguzi aliisomea wodi nzima kabla mimi sijaishika, kwa hiyo sasa wagonjwa kumi na wawili wanajua kuwa mama yako ana masikio ya popo.

Sina la kukuambia. Nimelinda goli lile miaka kumi na miwili. Nimevunjwa vidole vitatu na pua, na hakuna aliyewahi kuniandikia barua kwa ajili hiyo. Mguu ni wangu, uache. Usiniandikie tena.

Ule mnara wenu bado umesimama? Nauliza tu.

O. Mannari


Pisa, 6 Desemba 1959

Bwana Mannari,

Ulinikataza kuandika, nami nilitii siku kadhaa. Lakini mama amefuma soksi, na amesema nisipoipeleka posta ataipeleka mwenyewe. Mama akienda posta huongea mpaka foleni inavunjika.

Ni soksi moja. Nilimwambia, "Mama, soksi huwa mbili." Akanijibu, "Mguu mmoja umo kwenye plasta. Ya pili avae wapi, sikioni?" Rangi ni ile nyekundu yenu iliyoiva. Alizunguka maduka matatu ya Pisa akitafuta uzi wa rangi hiyo, na katika la tatu wakamuuliza kama ana homa.

Mnara upo, unakusalimu. Umeinama kidogo kwa heshima.

Sasa nikwambie jambo ambalo hata kocha halijui. Sichezi tena. Nimemwambia nyonga inauma. Ukweli ni kwamba Jumapili iliyofuata ile yetu, krosi ya kwanza ilipokuja, miguu iligoma kuruka. Nilisimama kama nguzo ya taa, mpira ukapita juu, watu wakacheka. Ya pili vilevile.

Na wanaoniumiza zaidi ni wa kwetu wenyewe. Nikiingia baa wananinunulia divai. "Huyu ndiye aliyemkata mguu Mlivorno!" Juzi mzee mmoja alipiga magoti akataka kubusu kiatu changu. Nilimmwagia glasi usoni, mzee wa watu, na sasa kuna baa moja siwezi kuingia.

Ranieri


Bologna, 20 Desemba 1959

Mpisa,

Soksi imefika. Nimeivaa. Ukimwambia mtu nitakukana. Mwambie mama yako ana mkono mzuri, na kwamba amekosea mahali pa kuzaliwa tu.

Hapa nimekuwa kama sanamu ya mtakatifu. Kila Jumamosi wanashuka kutoka Livorno na chupa na keki, watu wazima, makuli wenye shingo za fahali, wanakaa pembeni ya kitanda wanalia. Mke wangu, Leda, anasema kwenye geti la bandari wametundika shuka: OBERDAN, MGUU WAKO NI MGUU WETU. Gazeti moja limekuita Mchinjaji wa Pisa. Lile sikulipenda sana, lakini mtu aliyelala chali hahariri magazeti.

Daktari wa hapa, mtu wa maneno machache, ameniuliza mara mbili kama mguu uliwahi kuniuma kabla. Nimemwambia mtu wa bandarini kila kitu humuuma.

Kuhusu kucheza, cheza. Au usicheze, ni nafuu yetu. Ila usisingizie nyonga. Huo ni ugonjwa wa bibi yangu.

Krismasi njema kwenu wawili.

Oberdan


Pisa, 18 Januari 1960

Mwanangu Oberdan,

Anayekuandikia ni Argia, mama yake Ranieri, yule wa soksi. Yeye hajui. Ameenda kazini, kiwandani kwenye vioo, nami nimekaa na kalamu yake.

Sikujui, lakini uliivaa soksi yangu, kwa hiyo naongea nawe kama mtu wa nyumbani. Mwanangu hali chakula. Naweka sahani, naondoa sahani. Njumu zake amempa mtoto wa jirani. Sasa ameandikisha jina kwenda Ujerumani, kwenye kiwanda cha matofali, treni ni tarehe kumi na nne Machi. Nilimuuliza, "Ujerumani una nani?" Akasema, "Hakuna mtu, mama. Ndiyo uzuri wake."

Baba yake alikwenda nje hivyohivyo, kwa miaka miwili. Ikawa miaka kumi na moja, akarudi kwenye sanduku.

Sikuombi umwambie umemsamehe, kama hujamsamehe. Mguu unakuuma wewe, hauniumi mimi. Lakini wewe ndiye mtu pekee ambaye neno lake analisikiliza. Barua zako mbili anazo mfukoni mwa koti, zimeanza kuchanika kwenye mikunjo. Kama unalo neno lolote, hata la kumtukana, mtumie kabla ya Machi.

Funika mguu vizuri, Bologna kuna baridi.

Argia Lazzeri


Bologna, 2 Februari 1960

Ranieri,

Kaa chini usome hii mpaka mwisho, na usisome mbele ya mtu.

Mguu wangu hukuuvunja wewe.

Agosti, tulipoanza mazoezi, muundi wa kulia ulianza kuuma. Nilidhani ni uzee. Tarehe kumi na nne Septemba nikaenda kwa daktari mmoja mtaani, mbali na macho ya klabu. Akanipiga eksirei, akaiinua dirishani. "Unauona ufa huu, mwembamba kama unywele? Miezi sita bila mpira." Nikamuuliza, "Na nikicheza?" Akasema, "Utacheza mpaka siku utakapovunjika."

Nina miaka thelathini na minne. Kipa wetu wa akiba ana ishirini na mmoja na mikono mirefu kama makasia. Nikikaa nje miezi sita, sirudi tena. Na Novemba mnakuja ninyi. Nani anakosa kucheza na Pisa? Niliificha picha nyuma ya kabati, nikaufunga mguu bendeji, nikamwambia Leda nimeangukiwa na gunia.

Sasa sikia. Krosi ilipokuja, nilijirusha kwa mguu ule. Ulivunjika wakati unaondoka ardhini. Niliusikia. Wewe ulikuwa hujafika bado. Kiatu chako kilinikuta nimeshavunjika, na kilinigusa kama paka anavyosukuma mlango.

Utauliza kwa nini nilinyamaza. Siku ya kwanza ni maumivu. Siku ya pili wakaja wenzangu wakilia, na mimi sijawahi kupendwa hivyo maishani, hata nilipookoa penalti mbili. Nikasema nitawaambia kesho. Nimebeba magunia bandarini miaka kumi na saba, lakini huo mzigo ulipofika siku ya kumi haukuinuka tena. Barua yako ya kwanza nilikujibu kwa ukali kwa sababu kila neno lake lilikuwa linaniuma pabaya.

Ifute hiyo safari. Vaa njumu. Na unichukie kwa muda, ni haki yako.

Oberdan


Pisa, 9 Februari 1960

Kaka Oberdan,

Ruhusu nikuite kaka, maana hakuna mgeni ambaye angefanya hivi.

Mama amekiri. Niliona stempu imepungua kwenye daftari, nikamuuliza, akasimama na unga mikononi akasema, "Nilimwandikia, basi, nipige." Kwa hiyo nimeelewa. Ulisoma barua ya mama, roho ikakuuma, ukakaa ukatunga. Umetunga vizuri mno, hata unywele umeuweka. Baba yangu hakuwahi kunidanganya kwa mapenzi kiasi hicho.

Lakini mimi nilikuwepo. Mlio niliusikia tulipogongana, si kabla. Nausikia kila ninapofumba macho, najua unapokaa.

Ningependa kukuamini. Nimejaribu, kwa siku nzima nilitembea kando ya mto nikijaribu. Sitaki ujichafulie jina kwa watu wako kwa ajili ya namba tisa wa Pisa. Tarehe kumi na nne Machi nakwenda. Huko hakuna anayejua Pisa wala Livorno, mtu anachoma matofali na kulala.

Asante. Nitaitunza barua yako.

Ranieri


Livorno, 1 Machi 1960

Mbishi wewe,

Wapisa nawajua tangu utotoni, lakini kichwa kama chako sijawahi kukiona. Mtu anakupa ukweli, unamshukuru kwa uongo!

Fungua hiyo karatasi ngumu ndani ya bahasha. Inue dirishani. Pembeni pana jina langu na tarehe, 14 Septemba 1959. Ule mstari mweupe ni muundi wangu, na ule ufa ni ule ufa. Wewe Septemba ulikuwa hujui hata nina miguu.

Nilirudi nyumbani tarehe ishirini, na magongo mawili. Nilisubiri Leda aende sokoni, nikaliburuta kabati kwa mguu mmoja. Aliporudi alinikuta sakafuni na vumbi la miaka mingi kichwani, nimeshika picha. "Unatafuta nini huko?" Nikamwambia yote. Akaweka kikapu chini, akauliza, "Gunia lile la Septemba?" Nikasema hakukuwa na gunia. Akavaa koti lake, akaenda kwa dada yake. Alikaa huko siku tatu. Ya nne alirudi, akapika mchuzi wa samaki wa pilipili, akaniwekea mbele, akasema, "Nilikukanda mguu ule miezi miwili, Oberdan. Mimi ningekuambia nini kibaya?" Mchuzi ule niliula na machozi, na si ya pilipili peke yake.

Jumapili nikaenda baani, pale bandarini wanapokusanyika wetu wote kusikiliza matokeo. Ukutani wametundika picha yangu nikiruka. Waliponiona walisimama wakaanza kuimba. Nikasema, "Kaeni. Mkiimba sitaweza kusema." Nikasema. Nikaipitisha eksirei mkono kwa mkono, kila mmoja akaiinua kwenye taa. Unajua baa ya Livorno ilivyo na kelele? Nilisikia maji yakidondoka kwenye bomba.

Yule kuli aliyekufukuza hospitalini anaitwa Spartaco, rafiki yangu tangu shule. Akasema, "Miezi minne nimemlaani mtoto wa watu kila asubuhi kabla ya kahawa." Nikasema najua. Akasema, "Na tungekuwa tumemkamata siku ile?" Akaishusha picha ukutani, akaigeuza, akatoka. Hajaongea nami mpaka leo. Wengine wananisalimu kama mtu anavyosalimu jengo. Shuka la bandarini limeondolewa. Gazeti lililokuita Mchinjaji nililipelekea barua. Wameichapa leo ukurasa wa sita, chini ya tangazo la sabuni. Nimekukatia, ipo ndani ya bahasha.

Sikuandikii ili unihurumie. Nalala vizuri kwa mara ya kwanza tangu vuli.

Tarehe tatu Aprili Livorno tunakuja kwenu. Daktari amesema langoni sitasimama tena, basi nitakuja kama mtazamaji. Nitakuwa kwenye kona ya wageni na magongo yangu. Nikifika nisikuone uwanjani, nitajua kwamba nimeharibu vitu viwili, na cha pili hakina plasta.

Oberdan


Pisa, 15 Machi 1960

Mwanangu Oberdan,

Treni ya Ujerumani iliondoka jana saa mbili asubuhi. Ranieri yupo jikoni, anakula.

Argia


Pisa, 5 Aprili 1960

Kaka Oberdan,

Mmetufunga moja bila, nyumbani kwetu. Leo asubuhi hata muuza maziwa hakunijibu salamu. Naanza na hilo ili tulimalize.

Sikukuandikia mwezi mzima, na najua ulikuwa unasubiri. Ile picha niliiinua dirishani nikaiangalia mpaka mkono ukafa ganzi. Kwanza nilifurahi mpaka nikacheka peke yangu. Kisha nikakasirika, Oberdan, sitakuficha. Nilihesabu kila usiku niliokosa usingizi. Nilikumbuka yule mzee na divai usoni. Nilikuandikia barua mbili za matusi, mama akazichoma zote, akasema, "Hasira hizi mwambie usoni, ukiwa umeshiba." Nikaenda kwa jirani kumwomba mtoto wake anirudishie njumu. Ilinibidi nimpe baiskeli yangu ya zamani. Tarehe kumi na nne niliamka na sanduku limefungwa. Nilikaa juu yake mpaka nikasikia treni inapita, ndipo nikajua siendi.

Kocha aliniuliza, "Nyonga?" Nikamwambia, "Ilikuwa ya bibi wa mtu." Hakuelewa, lakini akanipanga.

Tulipotoka kwenye handaki niliangalia kona yenu kabla ya kitu kingine chochote. Nilijiandaa kuitwa Mchinjaji. Kona nzima ilikuwa kimya, watu elfu mbili kimya, na mbele kabisa kwenye uzio wa chuma nikakuona wewe. Mtu mwenye magongo hawezi kupiga makofi. Ukachukua gongo moja ukaanza kugonga kile chuma. Peke yako. Ulinitisha, nilidhani utaanguka. Halafu nikamwona jitu moja lenye shingo ya fahali linashuka ngazi, likasimama kando yako, likakushika kwapani usianguke, na mkono wa pili likaanza kupiga chuma pamoja nawe. Nilimtambua. Ndiye aliyeniuliza ni binamu gani anaongea Kipisa.

Kisha wengine wakafuata, chuma chote kikalia. Na kilipomaliza kulia wakaanza kunitukana. Matusi ya kawaida, ya pua yangu, ya mnara, ya mjomba wangu na mbuzi. Oberdan, sijawahi kusikia muziki mtamu kama ule. Nilijiona mtu tena.

Krosi ya kwanza ilikuja dakika ya tisa. Miguu ikagoma. Yule kipa wenu wa mikono mirefu akaudaka mpira juu ya kichwa changu, akanisogelea kama anayetaka kugombana, akaninong'oneza, "Kaka Oberdan kanituma nikwambie uruke. Mimi sina ufa popote." Krosi ya pili niliruka. Tulikutana hewani, bega kwa bega, tukaanguka pamoja kama magunia. Uwanja wote ukavuta pumzi. Tukabaki pale chini, kila mmoja anamwangalia mwenzake miguu. Akasema, "Mzima?" Nikasema, "Mzima. Wewe?" Akasema, "Mzima." Tukanyanyuka. Goli sikufunga, hata karibu sikukaribia, lakini niliruka mara kumi na nne. Mama alihesabu.

Filimbi ya mwisho ilipolia nilikimbilia kona yenu. Polisi walinizuia, wakadhani nakuja kuanzisha vita. Nilikuona ukiinua mkono, kisha wakawasukuma wote kuelekea stesheni, na umati ukakufunika. Kwa hiyo mpaka leo hatujawahi kuongea, mimi na wewe, hata neno moja la mdomo. Miezi mitano ya barua, na kutoka Pisa mpaka Livorno treni inachukua dakika kumi na nane.

Bado nina maneno ya hasira mawili matatu ya kukuambia. Mama naye ana maneno na mkeo, na anakuja na kikapu. Nimemwambia Livorno kuna chakula, ananiangalia kama nimemtukana.

Kwenu mna msemo wenu, afadhali maiti ndani ya nyumba kuliko Mpisa mlangoni. Jumapili saa tano, baada ya misa, mlangoni kwako watakuwa wawili. Usinijibu barua hii. Fungua tu.

Mdogo wako,
Ranieri